Nilimfungia Mdogo Wangu kwa Kufuli

Sehemu ya sita

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka niliposimama: mkono kwenye komeo la mlango, nje mtu anakohoa, na mama nyuma yangu ananiambia, "Fungua, we binti, usinitie wazimu."

Aliyechelewa kuungana nasi nampa kwa ufupi. Mimi ni dobi wa hospitali. Mume wangu alikufa, kodi ikatushinda, tukahamahama mimi, mama na binti yangu kama paka anayehamisha watoto, mpaka halmashauri ikatupatia vyumba viwili kwenye majengo yake ya wanyonge. Mdogo wangu wa kiume alikuwa kifungoni. Jina lake halisi hakuna anayelitumia. Tangu alipoajiriwa kiwanda cha nyaya, kila mtu anamwita Waya. Kiwanda kilipofungwa, Waya aliendelea na biashara ya nyaya bila kiwanda. Ndipo wakamkamata juu ya nguzo, shaba mkononi.

Majengo yetu yana sheria. Mpangaji akimweka ndani mtu aliyewahi kufungwa kwa wizi, anatolewa yeye na wote walio chini ya paa lake. Walisema ni kwa usalama wetu. Na mimi, siku iliposomwa, nilipiga makofi. Shuka zangu zilikuwa zimeibwa kwenye kamba wiki hiyo hiyo, nikaona sasa wezi wamepatiwa dawa. Sikukumbuka kwamba na mimi nina mwizi wangu.

Nikafungua.

Waya alikuwa amesimama na mfuko wa plastiki mkononi, amepungua kama kipande cha sabuni. Alitabasamu tabasamu lake lile lile la utotoni, la kuomba msamaha kabla ya kosa.

"Dada," alisema.

Miaka yote ile hatujaonana, na maneno yangu ya kwanza yalikuwa haya: "Nani amekuona?"

"Hakuna. Nimepanda ngazi za nyuma."

Nilimvuta ndani kwa ukosi wa shati, nikarudisha komeo. Mama alikuwa ameshamkumbatia, anampapasa mbavu kama anayenunua kuku. "Huko walikuwa wanakulisha au wanakuangalia tu?"

"Walikuwa wanatuhesabu, mama. Chakula kilikuja baadaye, kikikumbukwa."

Tulicheka. Halafu nikakumbuka jinsi kuta za majengo yale zilivyo nyembamba, nikawanyamazisha wote wawili kwa kidole.

"Usiogope, dada. Sikuja kukaa," Waya alisema. "Nimekuja kuomba anwani."

"Anwani?"

"Kuna kazi ya kuzibua mitaro. Halmashauri inawachukua waliotoka kifungoni ili wasirudi kule. Nimekwenda, wamenipokea vizuri, hata chai nimepewa. Wakaniuliza, unaishi wapi na nani? Asiye na makazi hawamwandiki."

"Ukitaja kwangu tunafukuzwa."

"Najua."

"Usipotaja?"

"Sina kazi."

Mama alikaa kwenye kigoda. "Walioweka sheria hii na walioweka ile hawajuani?"

"Wako korido moja, mama. Nilipita mlango wa huyu nikienda kwa yule."

Hakuna aliyecheka safari hii. Waya akaokota mfuko wake. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema atakwenda alikolala jana, nyuma ya soko, penye maboksi. Mama akasimama, akavaa ndala zake, akajitupia mtandio.

"Na wewe unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Nyuma ya soko," alisema. "Nasikia kuna maboksi."

Ndivyo Waya alivyobaki kwetu.

Tulimpa chumba cha ndani, ambacho mama na binti yangu walikuwa wanalala. Sisi wote tukahamia cha mbele. Nami nikanunua kufuli, nikalitia kwenye tumbuu ya mlango wa chumba kile, kwa nje. Kila asubuhi nikienda kazini nilimfungia, ufunguo nikautia kifuani.

Nilimweleza Waya sababu. Msimamizi wa majengo ana tabia ya kuingia vyumbani kukagua mabomba, na mlango wenye kufuli nje hautiliwi shaka. Nani amfungie mtu ndani? Sababu hiyo niliisema. Ya pili niliimeza. Ya pili ni kwamba sikumwamini. Niliogopa ataona waya mahali, mkono umwashe.

Yeye hakulalamika. Alisema tu, "Dada, hata kule walikuwa wanatuambia 'lala salama' kabla ya kufunga."

Binti yangu tulimfundisha kwamba nyumbani hakuna mtu mwingine. Mwalimu wao akawauliza darasani kila mmoja kwao wako wangapi. Mtoto akajibu watatu na nusu. Aliporudi akanisimulia.

"Nusu ndiyo nani?"

"Mjomba," alisema. "Si umesema hayupo? Lakini anakula."

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Nikiwa kazini, naloweka shuka za wodi ya wazazi kwenye maji baridi, maana damu ukiianzia na maji ya moto haitoki tena, mawazo yangu yote yako kwenye kufuli. Nikirudi, hatua yangu ya kwanza ni kulitazama. Nikilikuta limefungwa, nashusha pumzi.

Ikaja siku ya mkutano.

Ilikuwa Jumapili mchana. Afisa wa halmashauri alikuja kutueleza sheria ile upya, na kila kaya ilitakiwa ilete mtu. Tulikusanyika uwanjani, kwenye jua, wengine wamejifunika magazeti kichwani. Nilimfungia Waya, nikamwacha mama chumba cha mbele na binti yangu nikaenda naye.

Afisa alikuwa kijana mpole. Sitamsemea uongo: hakuwa mtu mbaya. Alisema majengo haya yalijengwa kwa ajili ya watu wema waliokosa makazi, si kwa ajili ya wanaowaibia watu wema. Alisema wizi umepungua. Watu wakapiga makofi, na kweli ulikuwa umepungua. Mimi nilipiga pia, polepole, kama mtu anayekung'uta unga mikononi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tunamwita Mama Pacha, akanyoosha mkono. Mapacha wake ni wakubwa; mmoja ni fundi viatu, mwingine yuko ndani kwa kuvunja duka.

"Bwana afisa, mwanangu anatoka mwezi ujao. Akitoka aende wapi?"

"Mama, serikali ina mpango wa kuwarudisha kwenye jamii."

"Jamii ndiyo nani? Si ndiyo mimi?"

Watu wakacheka. Afisa naye alitabasamu, akatazama karatasi zake. "Hilo, mama, liko idara nyingine."

Mama Pacha alisimama. Kisha akakunja mkeka wake, akaondoka katikati ya mkutano, bila kuaga. Wapo waliomzomea. Nilitamani kumfuata, lakini niliogopa watu wangejiuliza mimi yananihusu nini.

Mkutano ulipokwisha, akina mama wa kwanza waliofungua mabomba walipiga kelele. Maji hakuna. Msimamizi akakimbilia chumba cha pampu, akatoka ameshika kichwa.

"Mota! Wameondoka na mota!"

Sisi tukiwa uwanjani tunafundishwa usalama, mtu alikuwa amevunja mlango, akafungua bolti, akabeba mota ya pampu ya majengo yote.

Kila mtu alianza kumtazama mwenzake. Msimamizi akapanda juu ya ndoo. Yeye ni mtu mnene, mwenye sauti ya kuuza mnadani. "Kesho mchana, msako! Nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba! Kufuli lililofungwa tutalivunja! Na nikimkuta mtu ambaye hayumo kwenye orodha, hata awe malaika, mtajua mimi ni nani!"

Nilipanda ngazi sijui vipi. Kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa kama nilivyoliacha. Nikalifungua.

Waya alikuwa amekaa sakafuni, anashona gauni la shule la binti yangu lililoachia pindo.

"Ulitoka?" nilimuuliza.

Aliinua macho. "Nitoke wapi, dada? Dirisha lina nondo na mlango una wewe."

"Nijibu!"

"Sikutoka."

Nikamwambia habari ya mota na habari ya msako. Alisikiliza huku sindano imesimama hewani. Mwisho akauliza jambo moja tu: "Wakinikuta, na mtoto pia anatolewa?"

"Sote."

Akarudia kushona. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nitoke mapema, nikanyimwa. Mashine moja ilikuwa imeharibika na shuka zimejaa mpaka mlangoni. Nilifanya kazi kama mlevi. Mpango wangu ulikuwa kurudi kabla ya msako, nimtoe Waya kwa ngazi za nyuma, aende popote, Mungu anisamehe. Nilipofanikiwa kutoka, jua lilikuwa limeshapinduka. Nilikimbia na aproni mwilini.

Uwanjani nilimkuta msimamizi amekaa kivulini, anakunywa soda.

"Mzee, msako vipi?" nilijikaza kuuliza.

"Msako wa nini tena? Mwizi amepatikana! Amejileta mwenyewe kituoni asubuhi, kwa miguu yake. Mhalifu wa zamani, hana kwao, analala nyuma ya soko. Wanamwita sijui Nyaya, sijui Waya." Akapiga funda la soda. "Hii ndiyo faida ya kutisha watu."

Nilipanda ngazi kwa kushika ukuta.

Kufuli lilikuwa wazi, linaning'inia kwenye tumbuu. Halikuvunjwa. Lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo. Wangu ulikuwa kifuani mwangu.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, mikono imefumbwa mapajani.

"Mama. Nani amelifungua?"

Akafumbua kiganja. Ndani mlikuwa na ufunguo, pacha wa ule wangu.

"Kufuli huja na funguo mbili, mwanangu. Wewe ulichukua mmoja. Ulifikiri wa pili umeliwa na panya?"

"Tangu lini unamfungulia?"

"Tangu siku ya kwanza. Ukitoka tu, namfungulia. Ukikaribia kurudi, namfungia. Mimi sikuzaa mtu wa kufungiwa kama mbuzi."

Wasomaji wangu, nieleweni. Tegemeo langu lote lilikuwa lile kufuli. Nilijua mdogo wangu hakuiba kwa sababu nilikuwa nimelifunga na kulikuta limefungwa. Sasa kufuli halikuwa na maana tena. Kama mama alimfungulia kila siku, basi na Jumapili alimfungulia. Kama alimfungulia Jumapili, je, alitoka? Watu walikuwa uwanjani. Chumba cha pampu kiko chini ya ngazi za nyuma.

"Mama, niambie kweli. Jumapili alikuwa wapi?"

"Hapa."

"Usimfiche!"

"Alikuwa hapa, amekaa hapo ulipokanyaga, ananikata kucha za miguu. Tulikuwa tunacheka, maana alisema kucha zangu zingefaa kukatia nyaya za kiwanda."

Nilitazama miguu yake. Mama mikono inamtetemeka. Kucha zake hukatwa na mimi, na tangu Waya aje nilikuwa sijapata nafasi. Zilikuwa zimekatwa. Zimekatwa vizuri, mviringo, hata kile kidole kidogo kilichopinda ambacho mimi hukiruka.

Nikapiga magoti pale pale nikalia.

"Basi kwa nini ameenda kusema ni yeye?"

"Kwa sababu mwizi akipatikana, msako hakuna," mama alisema. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililonitisha. "Ameniomba nimfungulie. Ameniapisha nisiseme. Amesema mjukuu wangu ana paa, na yeye kule amekuzoea, hakutamuua."

"Na wewe ukamfungulia?"

"Nilifanyaje? Ulitaka nimzuie yeye ili nikupoteze wewe?"

Nilijifuta uso kwa aproni, nikasimama. "Nakwenda kituoni."

"Unakwenda kusema nini?"

"Kwamba alikuwa kwangu."

"Ukisema hivyo, sisi tunalala wapi?"

Mwanamke yule aliyetaka kwenda kulala kwenye maboksi kwa ajili ya mwanawe, sasa alikuwa ndiye anayenishika mkono. Nikautoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja, nikatoka.

Njiani nilijibizana na nafsi yangu. Nilijiambia, rudi, una mtoto. Nikajijibu, na mama naye ana mtoto. Nikajiambia, Waya aliiba kweli zamani, wizi wa zamani na kifungo cha sasa si vitu vya kupishana sana. Hilo ndilo wazo lililonitia aibu zaidi, na naliandika hapa kwa sababu niliahidi kutowaficha. Nilifika kituoni kabla sijamaliza kubishana.

Afande wa mapokezi alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imeshuka puani. Msimamizi naye alikuwa ameshafika kuandikisha mota. Soda yake bado ilikuwa mkononi.

"Jirani! Umekuja kumwona mwizi wako?" alinitania.

Waya alikuwa kwenye benchi, pingu mkononi. Aliponiona, uso wake ulijifunga kama dirisha.

"Huyu ananisumbua," afande alisema, kama anayeniambia mimi. "Amekiri, lakini namuuliza mota ina rangi gani, anasema buluu. Mwenye mota anasema kijani. Namuuliza ameiuza kwa nani, anasema kwa mtu. Lakini mtu akikiri mwenyewe, mimi ni nani nimkatalie?"

"Afande," nilisema, "hakuiba. Jumapili mchana alikuwa ndani ya nyumba yangu. Amekuwa kwangu siku zote hizi. Huyu ni mdogo wangu."

Msimamizi alisahau kumeza. "Kwako? Kwako wapi?"

"Chumba cha ndani."

Afande alivua miwani. "Mama, unajua msimamizi wenu huyu ni nani? Unalosema mbele yake haliwezi kurudi mdomoni."

"Najua."

Hapo Waya akacheka. Kicheko kikavu, cha mtu mhuni nisiyemjua.

"Afande, wanawake wengine shida zikiwazidi huchanganyikiwa. Mimi mama huyu simjui."

"Waya!"

"Simjui. Mwulizeni jina la baba yake, kisha niulizeni la baba yangu."

Akanikamata hapo. Sisi ni tumbo moja, tumenyonya ziwa moja, lakini baba mbalimbali. Majina yetu hayakutani popote. Afande aliandika la kwangu, akaandika la kwake, akayatazama, akatikisa kichwa.

"Mmoja wenu ananidanganya. Na la ajabu ni kwamba kila mmoja anadanganya kwa hasara yake."

"Mimi sidanganyi," nilisema.

"Basi nani anayewajua wote wawili?"

"Mimi," sauti ilisema mlangoni.

Mama alikuwa ameegemea fremu, anahema. Ametembea njia yote ile kwa ndala, mtu ambaye safari ya sokoni tu humpumzisha mara mbili. Msimamizi alimjua. Kila mtu majengoni anamjua mama.

Waya alimtazama akitikisa kichwa kidogo sana, kiapo machoni. Mimi nilimtazama nikiinamisha changu, aseme. Mama alitutazama kwa zamu, kama siku zile tulipokuwa wadogo na tumegombana na anataka kujua nani kaanza.

"Bibi," afande alisema, safari hii kwa upole. "Kijana huyu unamjua?"

Mama alikwenda mpaka kwenye benchi. Akaketi kando ya Waya, akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya pingu.

"Nilimzaa siku ya mvua," alisema. "Na yule nilimzaa kabla yake. Jumapili alikuwa na mimi, afande, hakuinuka mpaka mkutano ulipokwisha. Nisamehe, mwanangu. Uliniapisha, lakini ulimwapisha mtu mzee, husahau."

Waya aliinamisha uso kwenye bega lake, mabega yakamtikisika.

Nilihisi mzigo umenishuka. Tumeipoteza nyumba, nilijiambia, lakini tumempata mtu. Nikamwambia afande, "Basi mfungulie."

Afande hakuinuka.

"Nimfungulie kwa lipi? Amekiri kwa mdomo wake. Wanaomtetea ni mama yake na dada yake. Nikipeleka hilo kwa hakimu atanicheka. Ndugu kumtetea ndugu si ushahidi wa kutosha."

"Lakini umesikia alikuwa kwetu!"

"Nimesikia. Mimi nakuamini, mama. Imani yangu haimtoi mtu ndani."

Nikamgeukia msimamizi. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa alikuwa jirani. "Basi kama hawaamini alikuwa kwangu, na wewe usiamini. Mambo yabaki yalivyokuwa."

Msimamizi aliweka chupa ya soda mezani. Siwezi kusema alifurahi. Alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa.

"Jirani, sheria yetu haihitaji hakimu. Mwenyewe umekiri, na mimi nimesikia, na afande kasikia. Nisipolisema hili halmashauri, kesho natolewa mimi." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Naomba funguo za nyumba."

Mnaona mahali tulipofika? Kwa korti, maneno yetu yalikuwa mepesi mno kumtoa Waya ndani. Kwa halmashauri, maneno hayo hayo yalikuwa mazito ya kutosha kututoa sisi nje. Niliingia kituoni na nyumba bila ndugu, nikadhani natoka na ndugu bila nyumba. Sasa sikuwa na hiki wala kile, na binti yangu alikuwa karibu kutoka shule.

Niliingiza mkono kifuani. Nikatoa funguo.

"Usimpe."

Mama Pacha alikuwa ameingia bila sisi kumwona, mkono umeshika kiuno. Alikuwa amemfuata mama, akidhani amepotewa na akili anavyokwenda mbio na ndala.

"Afande, mimi si ndugu yao," alisema. "Sina damu nao, hata chumvi hatuazimani. Jumapili nilitoka mkutanoni mapema, watu wote waliniona. Nilipokaa kwangu nikasikia ukuta wa pili bibi huyu anacheka na kijana mwanamume, wanazungumza habari za kucha. Walicheka mpaka kelele za kuibwa kwa mota zilipoanza."

Afande akavaa miwani. Akavuta karatasi mpya. "Hayo unaweza kuyasema mbele ya hakimu?"

"Mama Pacha," msimamizi aliingilia haraka, na sauti yake ya mnada ilikuwa imeondoka. "Fikiri kwanza. Sheria inasema hata aliyejua akanyamaza naye anatolewa. Ulijua tangu lini kwamba wana mtu ndani?"

Mama Pacha aliushusha mkono kiunoni.

"Nakuuliza kwa faida yako. Mwanao anatoka mwezi ujao. Unataka akute mama yake yuko wapi?"

Afande alishika kalamu, hakuandika. Waya aliinua uso begani kwa mama, akasema kwa sauti ndogo, "Nenda nyumbani, Mama Pacha. Hujasikia kitu."

Mama Pacha alinitazama mimi. Ni mwanamke ambaye tangu tuhamie pale hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Nilitaka kumwambia aseme. Nilitaka kumwambia asiseme. Nilisimama na funguo mkononi.

Akavuta kiti kilichokuwa mbele ya afande, akakaa, na kuweka pochi yake mapajani.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Andika."